Usiseme "Ndiyo Tabia Yake"

Hadithi, hadithi!

Hadithi njoo! Haya, sogeeni karibu, mwenye mkeka atandike. Leo nawasimulia habari ya watoto wawili wa Kiberege, huko bonde la Kilombero, ambako milima ya Udzungwa imesimama upande wa magharibi na mashamba ya mpunga na miwa yametanda kuelekea mtoni. Watoto hao nimewatunga, ndiyo maana sikuwapa majina. Mmoja tutamwita Dada, mwingine Mdogo. Lakini yaliyowapata huwapata watoto wa kweli, hapa kwetu na kote duniani.

Dada alikuwa darasa la sita. Mdogo alikuwa na miaka saba, naye alikuwa na usonji. Maneno aliyoyasema hayakuzidi matatu au manne. Alipenda kupanga vizibo vya soda kibarazani, mstari mmoja mrefu usiopinda. Lori la miwa likipiga honi barabarani, aliziba masikio kwa viganja. Watu wa nyumbani walimzoea hivyo na walimpenda hivyo.

Ukafika msimu wa kuvuna mpunga, mambo yakabadilika. Mdogo akaanza kujipiga kichwani. Mama akitaka kumvalisha shati, anamuuma mkono. Usiku analia, mchana hataki kula. Jirani mmoja akasema, "Mpelekeni kwa mganga, mtoto kaingiliwa huyo." Mjomba akasema, "Hapana, usonji wake umezidi tu. Ndiyo tabia yake, tutafanyaje?"

Dada hakubishana na wakubwa. Alikaa akamtazama mdogo wake. Akaona kwamba kila anapolia hujilaza kifudifudi kwenye benchi na kuligandamiza tumbo ukingoni. Akakumbuka pia kuwa siku nne zimepita hajamwona akienda chooni. Akamfuata mama jikoni: "Mama, nadhani mdogo wangu tumbo linamuuma."

Kulipokucha wakaenda zahanati. Nesi alimlaza Mdogo kitandani, akampapasa tumbo, akalikuta limejaa na ni gumu. Mtoto alikuwa amefunga choo. Akapewa dawa ya kulainisha, na baada ya siku chache kule kujipiga na kuuma watu kukakoma.

Wajukuu zangu, Mjomba hakuwa mtu mbaya. Alikosea pale wanapokosea watu wazima wengi, hata wenye elimu kubwa. Kila alichokiona kwa mtoto alikihesabu kuwa ni usonji, akasahau kwamba mtoto huyo ana tumbo, ana meno, ana masikio na ana damu, na kwamba vyote hivyo vinaweza kuugua. Tena vinaweza kuugua zaidi kuliko vya watoto wengine. Nipeni masikio niwaeleze.

Usonji ni namna ya ubongo kukua tofauti, na tofauti hiyo huanza mapema sana, mara nyingi mtoto akiwa bado tumboni. Mtoto mwenye usonji huona, husikia na huhisi dunia kwa njia yake. Wengine huongea sana, wengine hawaongei kabisa. Wapo wanaofaulu mitihani vizuri, na wapo wanaohitaji kusaidiwa kula na kuvaa hadi ukubwani. Hauambukizi. Hautokani na laana, wala mama hakufanya kosa lolote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hiyo katika shule kubwa ya msingi huenda wakawamo watoto kadhaa, hata kama hakuna aliyewahi kuwatambua.

Daktari aliyeandika kwa mara ya kwanza maelezo ya usonji yaliyojulikana sana aliitwa Leo Kanner, wa mji wa Baltimore, Marekani. Mwaka 1943 alieleza habari za watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3. Sita kati yao, aliandika, walikuwa na shida kubwa ya kulishwa tangu uchanga. Mmoja wao ilibidi alishwe kwa mrija. Mnaona? Tangu siku ya kwanza, shida za mwili zilikuwamo ndani ya habari ya usonji. Ila watu walitazama zaidi tabia, mwili wakaupita.

Tuanze na tumbo, maana ndilo lililomliza Mdogo. Watoto wenye usonji hufunga choo, huumwa tumbo na huharisha mara nyingi kuliko wenzao. Sababu ziko kadhaa. Wengi hula vyakula vichache tu, bila mboga wala matunda. Wengine hawanywi maji ya kutosha, kwa kuwa hawaitambui kiu mapema. Wengine wanaogopa choo chenyewe: harufu, giza, nzi, shimo lililo wazi. Basi wanajibana. Kinyesi kikikaa sana ndani hukauka, kikikauka kutoka kwake huuma, na kikiuma mtoto hujibana zaidi.

Hapo watu hudanganyika. Mtoto aliyefunga choo anaweza kuonekana anaharisha. Mnaujua mfereji wa shamba la mpunga ukizibwa na tope: maji hujikusanya nyuma ya tope, kisha hupenya kidogokidogo pembeni. Ndivyo inavyokuwa tumboni. Kinyesi kigumu kimeziba, na kile chepesi kinapenya pembeni na kuchafua nguo. Mzazi akimpa dawa ya kuzuia kuharisha, anazidi kuziba. Ndiyo maana tumbo lipapaswe na mhudumu wa afya kwanza, dawa ije baadaye. Nyumbani mtoto hupewa maji mara kwa mara, hupewa papai, chungwa na mboga kwa kadiri anavyokubali, na hukalishwa chooni saa ileile kila siku baada ya kula, bila kugombezwa.

Kuhusu tumbo upo pia uongo ambao lazima niwatajie, kwa sababu umeua watoto. Mwaka 1998 daktari mmoja wa London, Andrew Wakefield, aliandika katika jarida la kitabibu habari za watoto 12, akidai kwamba chanjo ya surua inahusiana na ugonjwa wa matumbo na usonji. Wazazi wengi wakaogopa chanjo, na surua ikarudi mahali ilipokuwa imetoweka. Baadaye ilibainika kuwa taarifa zake hazikuwa za kweli. Mwaka 2010 jarida lilifuta maandishi yake, na yeye akafutiwa leseni ya udaktari. Mwaka 2019 wataalamu wa Denmark walitoa matokeo ya kufuatilia watoto zaidi ya 650,000. Waliochanjwa hawakupata usonji zaidi ya wasiochanjwa. Mkimsikia mtu anasema chanjo inaleta usonji, mwambieni kwa heshima kwamba jambo hilo limechunguzwa na si kweli.

Kutoka tumboni twende kwenye sahani. Mdogo alikula wali mweupe tu, na perege wa kukaanga asiye na mchuzi. Ukimwekea matembele pembeni ya wali, anasukuma sahani. Watu husema mtoto kama huyo kadekezwa, lakini si kudekezwa. Ulimi wake unaihisi kila punje na kila uteute kwa nguvu kuliko wako. Mlenda unaoupenda wewe unaweza kumtapisha yeye. Hata hivyo mwili wake unahitaji madini na vitamini kama wako. Mtoto anayekula aina mbili tatu za chakula kwa miaka anaweza kupungukiwa damu, akachoka upesi na akaonekana mvivu. Madaktari wameshakuta hata kiseyeye kwa watoto wenye usonji, ule ugonjwa wa kuvimba fizi na kuumwa miguu unaotokana na kukosa matunda na mboga. Wengine hula visivyo chakula: udongo, mkaa, vipande vya nguo. Udongo huingiza mayai ya minyoo, na baadhi ya minyoo hunyonya damu.

Dawa ya hayo si kumlazimisha. Familia huanza na kile anachokubali, kisha huongeza kidogo sana cha kufanana nacho, siku baada ya siku. Mtoto hupimwa damu na minyoo, na hupewa dawa akikutwa nayo. Meno nayo yasisahaulike. Mswaki humkera mtoto asiyependa kuguswa mdomoni, hivyo meno huoza bila mtu kujua hadi usaha utoke.

Sasa nafika kwenye ugonjwa ambao bonde letu linaujua kuliko sehemu nyingi: kifafa.

Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo sana unaopita kati ya chembe zake. Umeme huo ukifumka ghafla bila mpangilio, mwili hupoteza udhibiti. Hicho ndicho kifafa. Kwa jumla ni mtu mmoja hivi kati ya 100 anayekipata. Lakini kati ya watoto 100 wenye usonji, 10 hadi 30 hivi wanaweza kuwa nacho. Mara nyingi huanza mtoto akiwa mdogo sana, au anapobalehe. Si lazima aanguke na kutupa mikono na miguu. Anaweza kukodoa macho tu kwa sekunde kadhaa, ukimwita haitiki, kisha akaendelea na mchezo wake. Kwa mtoto mwenye usonji watu husema, "Ndivyo alivyo, hupenda kuduwaa." Kumbe ni kifafa.

Mwaka 1960, kule Mahenge, milimani ng'ambo ya mto Kilombero, daktari kijana kutoka Norway aliyeitwa Louise Jilek-Aall alifungua kliniki ya kifafa. Watu walimwita Mama Doctor. Alikuta wagonjwa wanafichwa, na wengi wana makovu makubwa ya moto. Waliangukia mafiga, na waliokuwa karibu waliogopa kuwagusa kwa kudhani kifafa kinaambukiza. Yeye aliwapa dawa za kila siku, na watu waliokuwa wamefichwa wakaanza kulima na kuishi na wenzao. Aliwaona pia watoto waliokuwa wakiinamisha kichwa tena na tena bila kujitambua. Miaka mingi baadaye ugonjwa wa namna hiyo ulijulikana pia kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini, na wachunguzi wameuhusisha na usubi, ule ugonjwa wa minyoo inayoenezwa na inzi wadogo weusi wa mito yenye maji ya kasi.

Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika sehemu tano za Afrika: Kilifi nchini Kenya, Iganga nchini Uganda, Kintampo nchini Ghana, Agincourt nchini Afrika Kusini, na Ifakara yetu, hapa bondeni. Ifakara ndiyo iliyokuwa na watu wengi zaidi wenye kifafa cha kuanguka, karibu 15 katika kila watu 1,000, wakati Kilifi walikuwa karibu 8. Miongoni mwa mambo yaliyohusishwa na kifafa hicho ni matatizo wakati wa kuzaliwa, kuumia kichwa na maambukizi ya vimelea. Kwa hiyo mtoto mwenye usonji anayeishi bondeni anastahili kutazamwa kwa makini zaidi.

Malaria nayo imo. Mwaka 2006 ilichapishwa habari ya watoto 14 wa Tanzania waliothibitishwa kuwa na usonji. Watatu kati yao walikuwa wamekua vizuri kabisa hadi walipougua malaria kali, yenye homa ya muda mrefu na degedege. Walipopona malaria, dalili za usonji zilijitokeza. Msitishike. Watoto wengi wanaougua malaria hawapati usonji, na usonji mwingi unatokana na urithi. Lakini malaria kali inaweza kuujeruhi ubongo, na hilo linazuilika. Kati ya mwaka 1997 na 2000 wilaya za Kilombero na Ulanga zilisambaziwa vyandarua vyenye dawa vilivyoitwa Zuia Mbu, na wachunguzi wakaona kwamba nafasi ya mtoto mdogo kuishi iliongezeka kwa asilimia 27. Familia ikihamia kwenye kibanda cha shambani msimu wa mpunga, chandarua nacho kihame.

Sasa mnisikilize vizuri, maana hili mnaweza kulifanya ninyi wenyewe. Mwenzenu akianguka kifafa, msikimbie. Hakiambukizi kwa mate, wala kwa kumgusa. Msogezeni mbali na moto, maji na vitu vigumu. Mlazeni kwa ubavu ili mate yatoke nje. Wekeni nguo laini chini ya kichwa. Msimtie kijiko wala kidole mdomoni, msimshike kwa nguvu, msimmwagie maji. Tazameni saa. Ikipita dakika tano hajatulia, au akirudiwa kabla hajazinduka, apelekwe hospitali mara moja. Na aliyeandikiwa dawa ya kifafa asiiache ghafla hata akiona amepona, kwa sababu kuiacha ghafla kunaweza kuleta kifafa kikali cha kuua.

Lipo pia suala la usingizi. Zaidi ya nusu ya watoto wenye usonji hulala kwa shida. Mdogo alikuwa akiamka saa nane za usiku na kucheka peke yake, na kwa kuwa walilala wanne chumba kimoja, nyumba nzima iliamka. Kesho yake wote ni wakali, Dada anasinzia darasani. Mtoto aliyekosa usingizi hujipiga zaidi na hujifunza kidogo, na anayeugua kifafa huweza kuanguka mara nyingi zaidi. Husaidia kumlaza saa ileile kila siku kwa mpangilio uleule: kuoga, kula, kukojoa, kulala. Jioni asipewe chai ya majani, wala simu yenye mwanga. Lakini anayeamka usiku achunguzwe kwanza kama ana minyoo, kiungulia, jino bovu au sikio linalouma.

Hapo ndipo ugumu mkubwa ulipo. Wewe jino likikuuma unasema. Mdogo hana maneno ya kusema. Wengine wana maneno, lakini hawajui maumivu yanatoka wapi mwilini. Wapo pia ambao sura zao hazionyeshi maumivu kama tulivyozoea, mtoto anatembea na mfupa uliovunjika na hatoi chozi. Kwa hiyo mwili husema kwa njia nyingine. Mtoto anajipiga sikio. Anauma mkono wake. Anakataa chakula alichokipenda jana. Anatembea kwa vidole au anachechemea kuliko kawaida. Anakaa kimya pale alipozoea kuimba. Badiliko la ghafla ni ujumbe, na kazi yetu ni kuusoma kuanzia kichwani hadi kwenye nyayo: masikio, meno, koo, tumbo, mkojo, ngozi, miguu.

Dada alilielewa hilo. Alichukua daftari la zamani, akawa anaandika kila siku: amekula nini, amekwenda choo au la, amelala saa ngapi, ameduwaa mara ngapi. Walipokwenda Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko mjini Ifakara, mama alimpa daktari daftari lile. Daktari aliona ndani ya dakika chache mambo ambayo mama, kwa wasiwasi, asingeyakumbuka yote.

Nina onyo moja kuhusu maji. Watoto wengi wenye usonji hupenda maji, na wengi huondoka nyumbani bila kuaga. Bonde letu lina mifereji, vijito na mto mkubwa wenye mamba na viboko. Mtoto akitoweka, anzeni kumtafuta majini, kisha mitaani. Na mkiweza, mfundisheni kuogelea mahali salama, akiwa na mtu mzima.

Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayompa mtoto kama Mdogo haki ya matibabu na shule sawa na ninyi. Dar es Salaam, katika Shule ya Msingi Msimbazi Mseto, wapo watoto wenye usonji wanaosoma kwa mafunzo yaliyopangwa kwa ajili yao. Bado shule na wataalamu wa namna hiyo ni wachache, na wengi wako mijini. Mtoto wa Kiberege anawategemea kwanza watu wa nyumbani kwake, na ninyi mnaosoma naye.

Basi nawaomba jambo moja. Huenda mnaye ndugu, jirani au mwenzenu darasani mwenye usonji. Siku mkimwona amebadilika, msimcheke, na msikubali neno "ndiyo tabia yake" liwe la mwisho. Mtazameni, kisha mwambieni mtu mzima mlichokiona: wapi anashika, lini alianza, anakataa nini. Mtu mzima wa kwanza asiposikia, mwambieni wa pili. Mtoto asiyeweza kusema ana haki ya kutibiwa tumbo lake, jino lake na kifafa chake, na ninyi mnaweza kuwa wa kwanza kumsemea.

Hadithi yangu imeishia hapo.